Picha Ipo, Lakini Iko Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa katika ua wa Ngome ya Lamu, baada ya swala ya alasiri, mbele ya wapigapicha wenzangu na vijana wanaojifunza kazi. Wengi waliotaka kuja walikuwa safarini au kwenye harusi, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi mbele, dada zangu, na nyinyi wanangu mliokuja na kamera shingoni kana kwamba leo kuna arusi humu Ngomeni, nawashukuru kwa kunialika. Mliponiomba nizungumze, nilidhani mnataka niseme habari za lenzi na mwanga wa magharibi kule Shela. Mkaniambia hapana, mnataka kujua namna ninavyozipanga picha zangu. Nilicheka, kwa sababu miaka minane iliyopita nisingethubutu kusimama hapa kulisemea jambo hilo.

Miaka minane iliyopita kijana mmoja wa Matondoni alinibishia hodi. Baba yake, fundi wa majahazi, alikuwa amefariki wiki iliyotangulia. Kijana alikumbuka kwamba siku moja nilimpiga mzee yule picha akikalafati jahazi, pamba begani, nyundo ya mti mkononi, akimcheka mtu aliyekuwa nyuma yangu. Nyumbani kwao hawakuwa na picha yake nyingine ila ile ya kitambulisho. Akaniuliza, "Mama, unayo?" Nikamjibu, "Ninayo." Nilisema kweli. Nilikuwa nayo.

Lakini ilikuwa wapi? Nilifungua kompyuta, nikafungua diski ya kwanza, nikafungua ya pili. Nilitafuta usiku baada ya kufunga kazi, nikatafuta alfajiri. Niliipata siku tatu baada ya hitima ya arubaini, ndani ya folda iitwayo "Mpya mpya", iliyokuwa ndani ya folda iitwayo "Mpya", iliyokuwa ndani ya folda iitwayo "Za zamani". Nilipompelekea, alinishukuru kwa adabu zote. Hitima ilikuwa imekwisha kusomwa na watu wamekwisha kurudi makwao.

Ndugu zangu, nani aliyenikosea? Kompyuta? Diski? Mimi ndiye niliyeandika "Mpya mpya". Niliandika jina hilo kwa ajili yangu, kwa usiku ule, nikiwa na usingizi, na sikumfikiria mtu ambaye siku moja angekuja kuuliza. Yote nitakayoyasema leo yanatoka hapo. Maktaba ya picha hupangwa kwa ajili ya yule atakayekuja kuuliza, na huyo hajui ulikuwa na kazi gani wiki ile, wala hajui kamera yako imeziita picha zake nani.

Tuanze na hilo la kamera. Kamera inaitaje picha? Inaipa herufi nne na tarakimu nne. IMG_0457. DSC_0457. Hiyo ni kanuni ambayo watengenezaji wa kamera walikubaliana, ili kadi iliyopigwa katika kamera moja iweze kusomwa katika nyingine. Tarakimu nne maana yake ni kwamba hesabu inafika 9999, kisha inarudi 0001. Mwenye kazi nyingi hufika huko mara kadhaa kabla kamera haijachakaa. Mimi, katika diski zangu za zamani, ninazo picha thelathini na moja zinazoitwa IMG_0457, zisizohusiana kwa lolote. Mojawapo ni punda amelala mbele ya duka la halua. Nyingine ni ya maharusi. Na mtu akizimimina kadi mbili katika folda moja kwa pupa, kompyuta humuuliza kama anataka ya pili ichukue nafasi ya ya kwanza. Ukiwa na usingizi, utabonyeza nini? Utabonyeza ndiyo. Punda atabaki, na bi arusi ataondoka.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kutazama picha hata moja, ni kuipa kila kazi folda yake, na kuipa kila picha jina lisiloweza kurudiwa. Folda zangu huandikwa hivi: mwaka, mwezi, siku, mahali, shughuli. 2024-08-17_shela_harusi. Picha zilizomo hubeba maneno yaleyale, kisha nambari. Programu nyingi za picha hubadilisha majina yote kwa mara moja wakati wa kuziingiza, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kuandika moja moja.

Kwa nini mwaka utangulie? Kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa kusoma kuanzia kushoto, tarakimu kwa tarakimu. Ukianza na siku, tarehe 17 za miezi yote na miaka yote zitakaa pamoja, Ramadhani na Disemba, kaskazi na kusi, mchanganyiko mtupu. Ukianza na mwaka, folda zinajipanga zenyewe kama siku zilivyopita. Na msisahau ile sifuri. Agosti ni 08, si 8, la sivyo katika baadhi ya programu mwezi wa kumi utatangulia mwezi wa pili.

Sasa mmoja wenu atasema, "Mama, mimi sikumbuki tarehe, nakumbuka shughuli. Si bora niandike Maulidi 2015?" Vizuri sana. Maulidi ipi? Sisi tunajua kwamba mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, husogea nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda hii ya ukutani. Mwaka 2015 tarehe 12 ya Mfungo Sita ilianguka mwanzoni mwa Januari, ikaja tena mwishoni mwa Disemba. Maulidi mbili ndani ya mwaka mmoja! Na Maulidi yetu kubwa ya Msikiti wa Riyadha, ambayo kilele chake huwa mwishoni mwa mwezi, mara ya pili ikavukia Januari 2016. Mimi nilikuwa na folda iitwayo "Maulidi 2015" na nyingine iitwayo "Maulidi 2015 tena". Nawauliza, "tena" ni tarehe gani?

Na liko lingine, ambalo vitabu vya upigaji picha vya Ulaya na Marekani haviwezi kukuonya, kwa sababu waandishi wake hawaishi hapa. Kwetu usiku hutangulia mchana. Mama wa bi arusi akija kukuomba "picha za usiku wa Ijumaa", anataka picha za usiku ule ambao kamera imeuandika Alhamisi. Niliwahi kumtafutia mama mmoja picha zake asubuhi nzima katika folda ya Ijumaa, naye ameketi mbele yangu, chai inapoa, ananitazama kama mtu aliyeuza mali ya amana. Picha zilikuwa folda ya juu yake. Tangu hapo nina kanuni: jina la folda hufuata tarehe ya kalenda ambayo kazi ilianza, hata kama kesha lilivuka usiku wa manane, na maneno "usiku wa Ijumaa" huyaandika ndani, katika maelezo ya picha, mahali ambapo utafutaji utayaona.

Kamera hiyo inajuaje kuwa ni Alhamisi? Inajua kwa sababu wewe uliiambia. Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake taarifa ambazo macho hayazioni: tarehe, saa, lenzi, kasi ya kufunga. Taarifa hizo hufuata kanuni iitwayo EXIF, iliyotungwa Japani na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1995. Ni hazina kubwa. Lakini saa iliyomo ni ileile uliyoitega kwa mkono wako, na kwa miaka mingi kanuni hiyo haikuwa hata na nafasi ya kuandika kwamba saa hii ni ya Lamu au ya Roma. Nafasi hiyo iliongezwa mwaka 2016.

Nisikilizeni kisa cha mpwa wangu. Naye yupo hapa, ameinamisha kichwa, lakini ameniruhusu nikiseme.

Tulipewa kazi ya kupiga mashindano ya majahazi. Mimi nilisimama gatini, yeye akapanda chomboni. Nilimpa kamera yangu ya zamani, ambayo betri yake ilikuwa imekufa kwa muda mrefu na saa imepotea, nikamwambia, "Tega saa." Akaniuliza, "Sasa ni saa ngapi?" Nikamjibu kama ambavyo ninyi nyote mngemjibu: "Saa mbili." Akaandika 2:00. Kijana hakukosea! Ilikuwa saa mbili ya asubuhi, jua limeshapanda, na akaandika mbili. Kamera haijui Kiswahili. Kwake yeye 2:00 ni saa nane ya usiku.

Jioni nikazitia picha za kamera mbili katika folda moja, nikaiambia programu izipange kwa saa. Picha zake zote, tangu mwanzo hadi mwisho, zikatangulia picha zangu zote, kwa sababu zilikuwa nyuma kwa saa sita. Jahazi likashinda kabla halijatweka tanga. Mabaharia wakarukaruka kwa furaha, kisha, kurasa tatu baadaye, wakaonekana gatini wakikunjua tanga na kufunga foromali kwa mashindano ambayo wamekwisha kuyashinda. Na chini ya kila picha yake, penye jua la kuumiza macho, imeandikwa saa tisa na nusu ya usiku.

Tuliweza kulitengeneza, kwa sababu kosa la saa ni kosa la kiasi kimoja: unachagua picha zote za kamera ile, unaiamuru programu iongeze saa sita, na basi. Lakini angalieni, kama angekuwa amepiga kesha, picha zote za baina ya usiku wa manane na alfajiri zingebeba tarehe ya siku iliyopita, na asiyejua angezitia folda nyingine kabisa. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kazi yoyote ya kamera mbili, kila kamera hupiga picha ya uso wa simu yangu ukionyesha saa mpaka sekunde. Baadaye nikiona saa ya simu inasema hivi na kamera inasema vile, najua tofauti, hata ikiwa ya dakika tatu. Wageni wanaokuja kupiga nanyi kutoka Italia, wale wa Malindi mnawajua, waambieni pia. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi yao.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa nililolipenda mno katika kazi hii, na mtanivumilia nikilikalia.

Nyumba zetu za mawe zina zidaka. Kila mmoja wenu amekulia chini ya zidaka, au amemtembelea bibi mwenye nazo: vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani, bakuli hapa, msahafu pale, chupa ya marashi kule. Folda ni kidaka. Kitu kikikaa katika kidaka hiki hakiwezi kukaa katika kile. Bakuli halitapata taabu kwa hilo, lakini picha itapata.

Mwalimu mmoja alinijia akitaka picha za zidaka zenyewe, za kutumia darasani. Nikamwambia, sina. Nilikuwa nina hakika sina, kwa sababu sikuwahi kwenda nyumba ya mtu kupiga zidaka. Usiku ule nikiwa nimelala nikakumbuka: bi arusi huketishwa wapi? Huketishwa ndani, mbele ya ukuta wenye zidaka. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimepiga zidaka za Mkomani, za Langoni na za Shela, nzima na zilizobomoka, zilizopakwa chokaa na zile ambazo mwenye nyumba amezipaka rangi ya kijani, Mungu amsamehe. Nilikuwa nazo pengine kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Zote ziko chini ya jina moja: harusi. Na bila shaka nyingi nisingeweza kumpa kwa sababu ya waliomo, nami hilo nitalifikia. Lakini siku ya kupamba chumba, kabla watu hawajaingia, mpigapicha hupima mwanga wake kwa kupiga ukuta mtupu. Picha hizo za kupimia, ambazo nusu yake nilikuwa nimezifuta, ndizo alizozihitaji mwalimu.

Mnaona lilivyo? Kazi moja humzaa mtu asiyetarajiwa. Anayetaka picha za milango atazikuta katika picha za Maulidi, kwa sababu zefe hupita mbele ya milango. Anayetaka picha za Mkunguni, uwanja huu wa mbele ya Ngome, kabla hapajatengenezwa atazikuta nyuma ya mashindano ya punda. Folda haiwezi kumjibu mtu huyu, kwa sababu folda inajua shughuli moja tu. Anayeweza kumjibu ni maneno unayoyaandika ndani ya picha yenyewe.

Nafasi ya maneno hayo ipo, na ni ya zamani kuliko kamera zenu. Baraza la mashirika ya habari liitwalo IPTC, lililoundwa London mwaka 1965, ndilo lililoweka kanuni ya sehemu zinazojazwa: nani amepiga, wapi, maelezo, haki ni ya nani, na maneno ya kutafutia. Takriban programu zote za kupangia picha zinazijua sehemu hizo, ya kulipia kama Lightroom na ya bure kama digiKam. Picha ikitoka ikaenda kwa mtu mwingine, maneno huenda nayo, ilimradi umeyahifadhi ndani ya picha au katika faili dogo lililo kando yake, na si katika daftari la programu peke yake. Hili nalisisitiza: programu haihifadhi picha zako. Inahifadhi daftari linalosema picha iko wapi. Ukilihamisha jahazi bila kumwambia mwenye daftari, daftari litakuapia kwamba jahazi limezama.

Niandike maneno gani? Usiandike mengi. Mimi huandika mahali, shughuli, kinachoonekana mbele, na kitu kimoja au viwili vinavyoonekana nyuma. Mahali, shughuli, mbele, nyuma. Kazi ya harusi moja hunichukua chini ya saa moja, kwa sababu picha mia mbili za chumba kimoja hupewa maneno yaleyale kwa pamoja. Lakini yaandike kwa tahajia moja. Mimi nilikuwa na "Shela" yenye l moja na "Shella" yenye l mbili, "harusi" na "arusi", "Maulidi" na "Maulid", "Siyu" na "Siu". Nikitafuta jina moja, nusu ya picha zangu zinakaa kimya, nami naondoka nikiamini kwamba nimeziona zote. Sasa nina daftari la karatasi, hili hapa, lenye orodha ya maneno ninayoyatumia. Neno lisilo humu siliandiki mpaka niliingize kwanza. Na vyombo nimevitenganisha: jahazi ni jahazi, mashua ni mashua, dau ni dau. Mtalii akiandika kila chenye tanga kwa neno moja tutamsamehe. Mtoto wa Lamu akifanya hivyo, tumfanyeje?

Majina ya watu nayo. Mwandike mtu angali hai wa kukuambia jina lake. Yule fundi wa Matondoni, jina lake nililijua siku nilipompiga, na sikuliandika.

Dada zangu, sasa nasema nanyi hasa, na wanaume wasikilize.

Siku ya kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, wanawake huvua mabuibui, wakajipamba, wakafurahi, na simu huachwa mlangoni. Mpigapicha pekee anayeingia ni mwanamke waliyemwamini. Kuaminiwa huko hakuishii mlangoni. Kunaendelea ndani ya diski, kwa miaka yote ambayo picha zitakuwapo. Nami nimewahi kuuvunja uaminifu huo.

Kompyuta yangu iliharibika, nikaipeleka kwa fundi. Nilidhani hakuna tatizo, kwa kuwa picha za kupamba zilikuwa katika diski ya nje, nayo ilikuwa kabatini kwangu. Fundi alipofanikiwa kuiwasha, programu ya picha ikafunguka yenyewe. Na programu ile, wanangu, huweka picha ndogondogo za kila kitu ilichowahi kukiona, hata kama diski yenye picha zenyewe haipo. Wakajaa katika kioo: mabinti wa watu, vichwa wazi, hina hadi viwikoni. Yule fundi, Mungu amjaze heri, alinipigia simu akasema, "Dada, njoo uchukue mashine yako. Nimeifunika kikoi." Nilipofika niliikuta mezani imefunikwa kweli, naye amekaa nje barazani.

Hakuna aliyedhurika. Lakini nilikwenda kwa wenyewe, nyumba moja moja, nikawaeleza, kwa sababu ilikuwa haki yao kujua. Mmoja hajanipa kazi tangu siku ile, na simlaumu.

Toka hapo picha za faragha zina diski yao peke yake, iliyofungwa yote kwa nywila, na zina daftari lao peke yake katika programu, ambalo liko humohumo katika diski hiyo. Jina la folda linamalizikia kwa neno faragha. Simu yangu hairuhusiwi kupeleka picha mtandaoni kwa hiari yake. Kuificha folda si kuifunga, mtoto wa darasa la tano ataifichua. Na nywila ikipotea, picha zimepotea, hakuna wa kumlilia. Yangu imeandikwa katika karatasi iliyo kwa dada yangu. Tena kuna sheria: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni data yake binafsi. Lakini nadhani sisi tulikuwa na sheria hiyo kabla ya Bunge kuipitisha.

Kuhusu kufuta, nitasema machache, maana tumegawanyika. Mabwana wengi wa kazi hii husema futa bila huruma. Nakubaliana nao nusu. Picha kumi na tano za keki ileile, futeni. Lakini picha ya mzee iliyotikisika, ikiwa ndiyo pekee mliyonayo ya mzee huyo, iacheni. Ukungu nao una uso.

Mteja naye hukurudishia picha kwa WhatsApp, akasema, "Nataka hii kubwa." Unatazama jina, IMG, tarehe, kisha WA na nambari. Tarehe hiyo ni ya siku simu ilipoipokea, si siku uliyoipiga, na zile taarifa za ndani zimekwisha kung'olewa njiani. Utaitafuta mpaka lini? Mimi sasa, picha za kuchagulia nikizituma, nambari ya picha imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, juu ya picha yenyewe. Mteja ananisomea nambari, kazi imekwisha.

Na nakala. Mpigapicha wa Marekani aitwaye Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo vya kuhifadhia, na moja iwe mbali na nyumbani. Mtaniambia nakala ya mbali iwe mtandaoni. Tupige hesabu. Picha 2,000 za harusi, kila moja megabaiti 25, ni gigabaiti 50. Ukipandisha kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, ni saa 22 bila kukatika hata mara moja. Kwetu hapa, bila kukatika? Basi mimi nakala yangu ya tatu husafiri. Naivusha Mokowe, napanda nayo basi, naiacha Mombasa kwa dada yangu na kuchukua ile iliyojaa kabla yake. Nyingine mbili ziko nyumbani, vyumba viwili tofauti, ndani ya makopo ya plastiki yanayofungika vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Hewa yetu ina chumvi. Imekula bawaba za milango ya mninga, itashindwa na diski? Na kadi haifutwi mpaka picha ziwe mahali pawili. Kadi iliyojaa mimi huirudisha mfukoni uso chini.

Nimeona mmoja amenyoosha mkono tangu zamani, nami najua swali lake. Anauliza, "Mama, nina picha za miaka sita zimerundikana, nianze wapi?" Usianze na za zamani. Anza na kazi ya kesho, uipange sawasawa, ukazoea. Za zamani zitie zote katika folda moja iitwayo "hazijapangwa", kisha kila Jumatatu ambayo huna kazi utoe kazi moja, uipe tarehe, mahali na shughuli, uandike majina ya watu unaowakumbuka. Mimi ilinichukua miaka miwili, na bado zipo ambazo sijazifikia.

Sasa, kabla ya maswali mengine, nawaomba nyote mtoe kamera zenu mifukoni na kuziwasha. Nendeni mahali pa kutega saa. Wewe mpwa wangu, njoo mbele uwasaidie. Hapa Lamu hivi sasa ni saa kumi na dakika arobaini na tano za alasiri. Andikeni 16:45.